Wawili Kampala: Kilima cha Makerere na Jani la Luwombo

Wenzi wa Afrika Mashariki wanapopanga mapumziko ya siku mbili tatu mbali na nyumbani, mawazo yao huenda kwanza kwenye ufukwe wa bahari au mbuga ya wanyama, na ni wachache wanaokifikiria chuo kikuu, kwa kuwa chuo huhesabiwa kuwa mahali pa mwanafunzi, mwalimu wake na mzazi aliyekuja kulipa ada. Jiji la Kampala linatoa sababu nzuri ya kulitazama upya jambo hilo. Juu ya kilima kimojawapo cha jiji hilo kipo Chuo Kikuu cha Makerere, kilicho kikongwe kuliko vyuo vikuu vingine vyote vya Uganda, Kenya na Tanzania, na chini yake, katika mitaa ya Wandegeya na kando ya barabara ziendazo Kasubi, yapo majiko ambamo vyakula vya Buganda hupikwa na kuuzwa kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane. Chuo na chungu hivi vimekaribiana kwa hatua chache, lakini vimekaribiana zaidi kwa historia yake: hadi kufikia katikati ya karne ya 20, vyote viwili vilikuwa na mlango aliopita mume na kuzuiwa mke, na habari ya namna milango hiyo ilivyofunguliwa ndiyo inayoifanya ziara ya watu wawili katika jiji hili iwe na uzito usiopatikana kirahisi kwingineko.

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wote wavulana, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Baada ya muda masomo ya udaktari, kilimo na ualimu yaliongezwa, na mwaka 1949 shule ikapanda daraja ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, maana yake wanafunzi walisomea Kampala lakini shahada zao zilitolewa na chuo cha Uingereza. Mwaka 1963 Makerere iliunganishwa na vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Julius Nyerere akawa Mkuu wake, hadi mwaka 1970 umoja huo ulipovunjwa na kila nchi ikabaki na chuo chake. Kwa hiyo Mtanzania au Mkenya anayepanda kilima hiki haendi ugenini kabisa. Nyerere mwenyewe alisomea ualimu hapa kati ya mwaka 1943 na 1945, na Benjamin Mkapa na Mwai Kibaki, waliokuja kuwa marais wa Tanzania na Kenya, walipitia madarasa yaya haya.

Mgeni anayeingia kwa lango kuu, lililo upande wa Wandegeya, hupanda barabara yenye miti mikubwa ambayo matawi yake hukaliwa na korongo wakubwa wenye vichwa vya upara, ndege ambao wakazi wa Kampala wamewazoea kiasi cha kutowatazama tena. Kileleni linasimama Jengo Kuu, lililokamilika mwaka 1941, lenye kuta nyeupe, mnara wa saa na paa la vigae vyekundu, ambalo kwa miongo mingi limekuwa sura ya elimu ya juu katika kanda nzima. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 jengo hilo liliungua, paa likaporomoka na ofisi nyingi zikateketea, na wahitimu waliokuwa wametawanyika duniani kote wakaomboleza kama watu waliofiwa. Lilijengwa upya kwa kuifuata sura yake ya zamani, na mwaka 2024 likafunguliwa tena. Mbele yake upo Uwanja wa Uhuru, eneo la majani ambako mahafali hufanyika, na wenzi wanaotaka kuelewa ukubwa wa tukio hilo katika maisha ya familia za Uganda wangefanya vema kusimama hapo kwa muda, kwa sababu uwanja huo ndio ambao vizazi vya wazazi wameuza ng'ombe na mashamba ili watoto wao waukanyage wakiwa wamevaa joho.

Katika kilima hikihiki, mwezi Juni 1962, walikutana waandishi wa Afrika waliokuwa wakiandika kwa Kiingereza, wakiwamo Chinua Achebe na Wole Soyinka, huku Ngugi wa Thiong'o akihudhuria akiwa bado mwanafunzi mwenye muswada mkononi. Msomaji wa Kiswahili anastahili kuukumbuka mkutano huo kwa fahari na kwa uchungu pia, maana masharti yake yaliwaacha nje waliokuwa wakiandika kwa lugha za Kiafrika, na Shaaban Robert, mwandishi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili wa enzi hiyo, alifariki mwezi huohuo bila kuwa na nafasi katika mazungumzo yaliyohusu fasihi ya bara lake. Ngugi alikuja kulisema jambo hilo waziwazi miaka mingi baadaye.

Hata hivyo, habari inayowahusu zaidi wageni wawili, mke na mume, ni ile ya mwaka 1945. Kabla ya mwaka huo kaulimbiu ya chuo iliwahimiza wanafunzi wawe wanaume, na haikumaanisha vinginevyo, kwa kuwa hapakuwa na mwanamke darasani. Mwaka huo walipokelewa wanawake sita wa kwanza, na kaulimbiu ikalazimika kubadilishwa ikawa ile inayotumika hadi leo, inayosema kwamba chuo kinajenga kwa ajili ya siku zijazo. Mmoja wa wanawake hao alikuwa Sarah Nyendwoha kutoka Hoima, katika nchi ya Bunyoro, ambaye baada ya Makerere alikwenda Uingereza na mwaka 1954 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuhitimu shahada katika Chuo Kikuu cha Oxford. Aliporudi nyumbani kufundisha, alikuta mwalimu wa kike akilipwa pungufu kuliko wa kiume kwa kazi ileile, akaukataa mshahara wake kuonyesha kwamba dhuluma hiyo haikubaliki. Kwa upande mwingine, miongoni mwa vijana wa kiume waliokuwa chuoni miaka hiyo, Nyerere aliandika insha kuhusu kukandamizwa kwa wanawake, akiyapima maisha ya makabila ya Tanganyika kwa mawazo ya mwanafalsafa wa Kiingereza John Stuart Mill. Kwamba kijana wa Kizanaki wa wakati ule, akiwa katika chuo cha wanaume watupu au waliokaribia kuwa watupu, alichagua mada hiyo miongoni mwa mada zote, ni jambo linalostahili kutafakariwa na mume anayetembea hapo pamoja na mkewe.

Sarah Nyendwoha aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji kutoka Kilimanjaro aliyesoma na baadaye kufundisha katika shule ya sanaa ya Makerere, na ambaye baada ya uhuru aliiwakilisha Tanganyika mjini London akiwa balozi. Shule hiyo ilianzishwa na mwalimu wa Kiingereza Margaret Trowell, aliyeanza na darasa dogo nyumbani kwake katika miaka ya 1930 kwa imani kwamba Mwafrika achore yale anayoyajua badala ya kuiga picha za Ulaya, na leo shule inaitwa kwa jina lake. Ntiro aliichora migomba, mavuno na sherehe za Wachagga, na mchoro wake wa mwaka 1956, unaoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, umo katika mkusanyiko wa Museum of Modern Art huko New York. Jumba la maonyesho ya sanaa lililo ndani ya eneo la chuo ni dogo na halina makundi ya watalii, na pengine hakuna mahali pengine Kampala ambapo watu wawili wanaweza kukaa mbele ya picha moja na kubishana kwa utulivu juu ya maana yake.

Wenzi wasiondoke kilimani kabla ya kupita karibu na Mary Stuart, bweni la wanawake lenye ghorofa nyingi ambalo wanafunzi huliita kwa jina la utani Box. Kwa desturi ya muda mrefu bweni hilo limefanya udugu na bweni la wanaume liitwalo Lumumba, na wakazi wa mabweni hayo mawili hujiita kwa jina moja, Lumbox, wakishangiliana michezoni na kushirikiana katika siasa za wanafunzi. Tangu mwaka 1990 wasichana wanaoomba nafasi katika vyuo vya serikali wamekuwa wakiongezewa alama moja na nusu, ili kupunguza pengo lililotokana na miaka mingi ya wazazi kuwasomesha wavulana kwanza. Wapo wanaoubishia utaratibu huo hadi leo, lakini mgeni anayeketi dakika kumi kwenye ngazi za maktaba na kuwatazama wanaopita ataona kwa macho yake tofauti kati ya chuo cha sasa na kile cha mwaka 1944.

Chakula nacho kina historia kama hiyo, na kwa namna fulani historia yake ni ngumu zaidi, kwa sababu sheria za chuo hubadilishwa na baraza kwa siku moja ilhali miiko ya jikoni hukaa ndani ya watu. Katika Buganda ya zamani mwanamke hakuruhusiwa kula kuku, mayai, nyama ya kondoo, samaki aina ya kamongo wala senene. Yeye ndiye aliyemfuga kuku, akamchinjisha, akamkatakata, akampika kwa saa kadhaa na kumtenga mezani, kisha akamwachia mume na wageni wa kiume. Sababu zilizotolewa zilihusu uzazi na heshima, lakini mtu anayeitazama orodha hiyo kwa makini hukuta kwamba karibu kila kilichokatazwa kilikuwa kitamu, na ni vigumu kuamini kuwa jambo hilo lilitokea kwa bahati tu. Shule, dini mpya na maisha ya mjini viliudhoofisha mwiko huo katika karne ya 20, ingawa mabaki yake yapo: katika nyumba nyingi firigisi ya kuku bado huwekwa kwenye sahani ya baba, na mke anayeila bila kuulizwa huzua mazungumzo.

Kwa sababu hiyo mlo wa kwanza ambao wenzi wanapaswa kuutafuta Kampala ni luwombo ya kuku, tena waile pamoja. Luwombo ni kitoweo kinachopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Jani changa huchaguliwa, likapitishwa juu ya moto hadi lilegee na kupata harufu ya moshi, na uti wake wa kati ukakwanguliwa ili lisipasuke linapokunjwa. Kuku au nyama, ambayo mara nyingi imebanikwa kwanza, huwekwa katikati ya jani pamoja na nyanya, vitunguu, chumvi na mchuzi mzito wa karanga zilizosagwa, wakati mwingine na uyoga, kisha jani hukunjwa, likafungwa juu kwa kamba ya mgomba na kupangwa ndani ya sufuria lililotandikwa vikonyo vya migomba chini ili maji yasiliguse. Mvuke hufanya kazi yake kwa saa kadhaa bila haraka. Kitoweo hutengwa kikiwa ndani ya jani lake, na anayelifungua hupigwa usoni na harufu ambayo haifanani na ya mchuzi wowote wa sufuriani, kwa kuwa hakuna kilichoruhusiwa kutoka nje tangu jani lilipofungwa. Inasimuliwa kwamba mlo huu ulibuniwa mwaka 1887 na Kawuuta, mpishi wa Kabaka Mwanga, Kabaka likiwa ndilo jina la cheo cha mfalme wa Buganda.

Kiambata chake cha kawaida ni matoke, yaani ndizi mbichi zilizomenywa, zikafungwa kwenye majani, zikapikwa kwa mvuke, zikapondwa kwa mikono zikiwa bado zimefungwa, na kurudishwa motoni hadi ziwe laini na za manjano. Mchagga au Mhaya aliyezoea ndizi zilizopikwa na nyama sufuriani huenda akaona mwanzoni kwamba matoke ya Kiganda hayana ladha, na atakuwa na haki kwa kiasi fulani, maana matoke hayo yamekusudiwa kubeba mchuzi, na hukamilika yanapokutana na ule wa karanga.

Wanaotaka kuunganisha mlo huo na chimbuko lake wanaweza kuanza na makaburi ya Kasubi, ambayo yapo mwendo mfupi kwa bodaboda kutoka Makerere. Hapo wamezikwa makabaka wanne, akiwamo Mwanga huyo wa luwombo, chini ya jumba la mviringo lenye paa kubwa la nyasi. UNESCO iliyaweka makaburi hayo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Jumba kuu liliungua mwezi Machi 2010, mafundi wa koo zilizorithi kazi ya kuezeka wakalijenga upya kwa njia za jadi, na mwaka 2023 likaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mgeni wa kike hutakiwa kuvaa nguo ndefu, hivyo ni vema leso iwemo mkobani.

Wandegeya ina chakula cha aina nyingine kabisa, kisicho na ufalme wala saa kadhaa za kungoja. Hapo ndipo rolex ilipozoeleka, nacho ni chakula cha wanafunzi wasio na muda wala fedha: mpishi hupasua mayai mawili katika kikombe cha plastiki, akachanganya na kabichi, kitunguu na nyanya zilizokatwa vipande vidogo, akamimina juu ya chuma cha chapati kilichopashwa moto kwa mkaa, akakifunika kiwanda hicho cha mayai kwa chapati moto, akageuza, akaviringisha na kukabidhi vikiwa ndani ya karatasi. Kazi yote huchukua dakika chache na hufanywa mbele ya macho ya mnunuzi. Chapati ilifika Uganda pamoja na Wahindi, ambao baadhi yao waliletwa kujenga reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, na mayai ya kuku yalikuwapo Buganda tangu zamani, lakini ilihitajika njaa ya wanafunzi kuviviringisha pamoja. Msichana wa Makerere anayekula rolex akitembea kuelekea darasani, bila kuona ajabu yoyote, anakula mayai ambayo bibi yake mkuu asingethubutu kuyaonja. Mwenye fedha pungufu zaidi huagiza kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage, na anayeamka mapema hupata katogo, mchanganyiko wa ndizi mbichi na utumbo, maharage au karanga uliopikwa katika chungu kimoja. Wenzi Waislamu watakuta chakula halali kwa urahisi, lakini waulize kabla ya kuagiza nyama ya kuchoma, kwa sababu nyama ya nguruwe inapendwa sana katika jiji hili.

Senene hawapatikani kila wakati. Wadudu hawa wa jamii ya panzi huruka kwa makundi katika majira ya mvua, hasa mwezi Novemba na kwa uchache kuelekea Mei, na hunaswa usiku kwa taa kali na mabati yaliyoinamishwa juu ya mapipa, ambamo huteleza na kushindwa kutoka. Hunyofolewa mbawa na miguu, wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe pamoja na chumvi na kitunguu, na kuuzwa kwa kipimo cha kikombe. Kwa desturi za Buganda wanawake na watoto ndio waliowakamata na kuwaandaa, mume akala, na kwa malipo alipaswa kumnunulia mkewe gomesi mpya, lile vazi refu lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Wahaya wa Kagera, wanaowapenda senene kwa kiwango hichohicho, nao walikuwa na katazo kama hilo kwa wanawake. Siku hizi mke hununua kikombe chake sokoni na kula hadharani, na wanawake wengi wa Kampala husema bila kificho kwamba wanaitaka gomesi vilevile.

Kuhusu safari yenyewe, Mkenya na Mnyarwanda wanaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, na Mtanzania huhitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Mabasi ya kutoka Nairobi hupitia Busia au Malaba na mara nyingi husafiri usiku, na yale ya kutoka Bukoba huvuka Mutukula, kiasi cha kilomita 300 hadi Kampala. Majuma ya mahafali, ambayo mara nyingi huangukia mwanzoni mwa mwaka, hujaza nyumba za wageni karibu na kilima, kwa hiyo anayetaka utulivu ayakwepe, ila anayetaka kuiona Makerere ikiwa imejaa familia zilizovaa gomesi na kanzu aje hasa wakati huo. Kitambulisho kibebwe hadi langoni, na ruhusa iombwe kabla ya kupiga picha ndani ya majengo.

Safari ya kurudi ina mlo wake pia. Basi la kuelekea Mutukula husimama Lukaya, na lile la kuelekea mpaka wa Kenya husimama Namawojjolo, ambako wachuuzi hukimbilia madirishani na mishikaki, ndizi za kuchoma na mapaja ya kuku yaliyochomekwa kwenye vijiti. Chaguo ni la abiria mwenyewe, na wachuuzi hao, ambao wengi wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, humnyooshea paja la kuku mke na mume kwa usawa.